Magurudumu yanapogoma kushuka: Kumbukumbu za wanajeshi wa anga zinatufunza nini?

Mengo, kilima cha Kampala ambacho ni makao ya ufalme wa Buganda, historia ya kijeshi ya Uganda ina kuta na milango. Mgeni anayezuru Lubiri, kasri la Kabaka lililoshambuliwa na jeshi la serikali tarehe 24 Mei 1966, huteremshwa hadi kwenye vyumba vya chini vilivyojengwa kuwa ghala la silaha. Wakati wa utawala wa Idi Amin, vyumba hivyo viligeuzwa mahali pa kufungia watu na kuwatesa. Anayetaka kujua yaliyotendeka anaweza kusimama pale pale yalipotendeka.

Wanajeshi wa anga hawana mahali kama hapo. Kituo chao kikuu cha zamani, Entebbe, kiko umbali usiozidi kilomita 40 kutoka Mengo, na ndege zao nyingi za kwanza ziliharibiwa kabla ya mwaka 1979 kumalizika. Kilichobaki kwa sehemu kubwa kimo vichwani mwa watu: marubani, mafundi, wazima moto na waongozaji wa ndege ambao sasa ni wazee.

Popote duniani, wastaafu wa jeshi la anga wanapoketi pamoja, mazungumzo yao hayakai vitani kwa muda mrefu. Aghalabu hurudi kwenye siku ya kawaida ya mazoezi, anga ikiwa safi na adui hayupo, ambapo ndege ilirejea nyumbani na magurudumu yake yakakataa kushuka. Siku hiyo hukumbukwa na kambi nzima kwa sababu kambi nzima iliitazama. Rubani alikuwa angani peke yake, na walio chini, akiwemo fundi aliyeifunga nati ya mwisho, hawakuweza kufanya lolote ila kusubiri.

Makala haya yanaeleza jinsi magurudumu hayo yanavyofanya kazi, kwa nini hugoma, rubani hufanya nini yanapogoma, na kwa nini kumbukumbu za watu hawa zina thamani inayozidi masimulizi ya jioni.

Miguu ya ndege hufanyaje kazi?

Ndege ya kivita hukunja miguu yake mara tu inapoacha ardhi. Miguu iliyoachwa nje ingeshindana na upepo, ingepunguza mwendo na hatimaye ingevunjika. Kwa hiyo kila mguu hukunjwa na kuingizwa katika tumbo au bawa, kisha milango midogo hufungwa juu yake.

Kazi hiyo hufanywa na mfumo wa haidroliki, yaani mafuta maalumu yanayosukumwa na pampu ndani ya mabomba membamba. Katika jeti nyingi shinikizo la mafuta hayo hufikia mara 200 ya shinikizo la hewa tunayoivuta, na wakati mwingine huzidi. Nguvu hiyo ndiyo inayoinua na kushusha mguu mzito katikati ya upepo mkali.

Mguu ukishashuka haujawa salama bado. Ni lazima ujifunge kwa komeo la chuma, ili uzito wa ndege usiukunje tena pindi unapogusa ardhi. Rubani hupata habari hiyo kwa taa tatu za kijani, moja kwa kila mguu. Katika jeti za zamani kama MiG-15 na MiG-17, watengenezaji waliongeza hakikisho lisilohitaji umeme: vijiti vidogo vilivyochomoza juu ya mabawa na pua pale miguu iliposhuka. Taa ingeweza kuungua, lakini kijiti kilisema kweli.

Ndani ya mguu wenyewe mna bomba nene lenye mafuta na gesi, linalofanya kazi ile ile ya shokapu za gari. Bomba hilo hubeba kishindo cha chuma cha tani kadhaa kinachoshuka kwa kasi. Chini yake kuna tairi na breki, na katika ndege kama MiG-21, parachuti ya mkiani inayofunguliwa baada ya kutua ili kusaidia kuisimamisha.

Kwa nini Entebbe si mahali pepesi

MiG-21 ina mabawa madogo ya pembetatu yaliyobuniwa kwa ajili ya mwendo mkali. Mabawa hayo hayaibebi ndege vizuri katika mwendo wa polepole, kwa hiyo hutua kwa kasi kubwa, karibu na kilomita 280 kwa saa. Njia kuu ya kurukia ndege ya Entebbe ina urefu wa mita 3,658. Kwa kasi hiyo, kama haingepunguzwa, njia yote ingemalizika kwa sekunde 47.

Kuna jambo jingine ambalo msafiri wa kawaida halioni. Entebbe iko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Katika joto la mchana, ndege hulazimika kwenda kwa kasi inayozidi ile ya pwani kwa takriban asilimia 7 ili mabawa yapate hewa ya kutosha. Asilimia 7 huonekana ndogo, lakini nguvu ambayo tairi, breki na miguu vinapaswa kuimeza huongezeka kwa takriban asilimia 14, kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo.

Hii ndiyo sababu rubani aliyejifunza kutua pwani au Ulaya alipaswa kujifunza upya alipofika kando ya Ziwa Viktoria.

Mifano inatoka wapi?

Kabla ya kutazama sababu za hitilafu, yafaa kueleza kwa nini mifano mingi iliyo wazi inatoka mbali na Afrika Mashariki. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio msingi wa sheria za usafiri wa anga duniani, hauhusu ndege za dola, na ndege za kijeshi zimo katika kundi hilo. Kiambatisho cha 13 cha mkataba huo kinasema kwamba lengo la uchunguzi wa ajali ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kulaumiwa. Lakini jeshi halilazimiki kukifuata, na kila nchi huamua yenyewe itakachochapisha.

Marekani huchapisha ripoti za ajali zake nyingi za kijeshi. Majeshi mengi ya Afrika hayana desturi hiyo. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Kampala anaweza kusoma kwa kina kilichotokea kwenye kambi ya Alaska, lakini kwa yaliyotokea Entebbe katika miaka ya 1970 hana budi kumtafuta mzee wa kumsimulia.

Maji ndani ya mafuta

Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya kivita aina ya F-35 iliruka kutoka kambi ya Eielson, Alaska, katika baridi ya takriban nyuzi 18 chini ya sifuri. Baada ya kuruka, miguu haikujikunja sawasawa. Rubani alipoishusha tena, gurudumu la mbele lilikwama likiwa limepinda upande.

Aliunganishwa kwa mawasiliano na wahandisi wa kampuni iliyoitengeneza ndege hiyo, wakashauriana kwa takriban dakika 50. Alijaribu mara mbili kugusa ardhi na kuruka tena ili gurudumu linyooke. Halikunyooka, na miguu ya nyuma nayo ikaganda. Vihisio vya ndege vilipata taarifa kwamba ndege ilikuwa tayari ardhini, ilhali ilikuwa ingali angani. Kompyuta ikabadilisha namna ya kuiongoza, ndege ikawa haishikiki tena, na rubani akajirusha kwa kiti cha dharura. Alipona na majeraha madogo. Ndege iliteketea.

Uchunguzi ulibaini kwamba karibu theluthi moja ya kimiminika kilichokutwa katika mfumo wa mguu wa mbele na wa kulia ilikuwa maji, nayo yalikuwa yameganda kuwa barafu. Siku tisa baada ya ajali hiyo, F-35 nyingine katika kambi hiyo hiyo ilipata tatizo la aina hiyo, ila ikafanikiwa kutua.

Hakuna barafu Entebbe. Lakini chanzo cha ajali hiyo hakikuwa angani. Kilikuwa ghalani, kwenye mapipa ya mafuta na namna yalivyotunzwa. Fundi yeyote aliyewahi kutunza mapipa kwenye kituo kilicho kando ya ziwa, ambako unyevu hauishi, ataielewa ajali hiyo bila kutafsiriwa.

Ndege wenye manyoya

Tarehe 4 Januari 2022, F-35 ya Korea Kusini ilimgonga tai mwenye uzito wa takriban kilo 10 wakati wa mazoezi ya kuruka chini. Mgongano huo uliharibu nyaya na mabomba, na miguu ikakataa kushuka. Rubani alitua kwa tumbo katika kambi ya Seosan, kwenye njia iliyomwagiwa povu, na hakuumia. Hata hivyo gharama ya kuitengeneza ndege hiyo ilikuwa kubwa mno, na mwaka 2023 ikaamuliwa iondolewe katika huduma.

Mkazi wa Mengo hahitaji kwenda Korea ili kuelewa hatari hiyo. Kaloli, yule ndege mkubwa mwenye kichwa kisicho na manyoya anayesimama juu ya majalala na miti ya Kampala, anaweza kufikia uzito wa kilo 9. Mji unaotupa taka ovyo huwalisha ndege hao, nao hawajui mpaka wa uwanja wa ndege. Hivyo usafi wa jiji na usalama wa anga ni mambo yanayogusana zaidi ya inavyodhaniwa.

Haraka na hesabu isiyo sahihi

Si kila ajali ya miguu huanzia kwenye chuma. Tarehe 13 Aprili 2018, rubani wa F-22 alikuwa akiruka kutoka Fallon, katika jimbo la Nevada. Aliinua pua ya ndege mapema mno, akiwa na takwimu za kurukia zisizolingana na mazingira ya pale, kisha akakunja miguu. Ndege haikuwa na kasi ya kutosha kuendelea kupanda. Ilishuka tena juu ya njia ikiwa haina magurudumu, ikateleza kwa tumbo karibu kilomita 2. Rubani hakuumia.

Uwanja wa Fallon uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu sawa na Entebbe. Ndege ya kisasa kuliko nyingi duniani iliangushwa na jambo lile lile ambalo wakufunzi wa zamani wa Entebbe walilazimika kulifundisha kwa kalamu na karatasi: hewa nyepesi haisamehi haraka.

Kuna pia kusahau. Marubani wana msemo wa miaka mingi kwamba wako wa aina mbili, waliowahi kutua bila kushusha magurudumu na watakaokuja kutua hivyo. Ni utani, lakini ndio uliozaa orodha ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti, king'ora cha tahadhari ndani ya chumba cha rubani, na mazoea ya mwongozaji wa ndege wa kijeshi kumkumbusha rubani kuhusu miguu kabla hajaruhusiwa kutua.

Wakati mwingine mguu hushuka vyema lakini gurudumu lenyewe halipo. Tarehe 28 Oktoba 2019, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ilipoteza gurudumu moja ilipokuwa ikiruka kutoka Lodwar, kaskazini mwa Kenya. Ilielekezwa Eldoret na ikatua salama. Haikuwa ndege ya kijeshi, lakini ilikumbusha kwamba mguu wenye magurudumu mawili umeundwa hivyo kwa sababu: moja likitoka, la pili libebe.

Dakika za kuamua

Rubani anapoiona taa moja imekataa kuwaka kijani, hatua yake ya kwanza ni kutoamini wala kupinga. Huenda mguu umegoma, na huenda ni taa tu iliyoungua. Hupita karibu na mnara wa kuongozea ndege ili watu wa chini wamtazame kwa darubini, au mwenzake huruka chini yake na kumweleza anachokiona.

Ikithibitika kwamba mguu umekwama, kuna njia za akiba. Jeti nyingi za Kisovieti, zikiwemo MiG-17 na MiG-21, zilibeba chupa ya hewa iliyoshindiliwa ili kuisukuma miguu pale haidroliki ilipokufa. Ndege nyingine huiachia miguu ishuke kwa uzito wake. Rubani anaweza pia kuipinda ndege kwa nguvu ili mguu mzito ung'oke ulikokwama. Hewa ya chupa hutumika mara moja tu, na ikiisha imeisha.

Baada ya hapo huja swali gumu: atue au ajirushe? Watu wengi hudhani mguu mmoja uliokwama ni afadhali kuliko yote mitatu. Mara nyingi ni kinyume chake. Ndege inayotua kwa tumbo huteleza ikiwa imenyooka, ilhali ile yenye mguu mmoja wa nyuma huinama upande mmoja, bawa hugusa ardhi, nayo huzunguka au kupinduka. Ndiyo maana pengine rubani huirudisha ndani miguu ambayo tayari imeshuka salama.

Marubani wa jeti za awali walikuwa na uwanja mdogo zaidi wa kuchagua. Viti vyao vya dharura vilihitaji kimo cha kutosha ili parachuti ifunguke. Aliyeamua kutua, kisha akabadili nia karibu na ardhi, alikuwa amechelewa.

Ushuhuda wa rubani wa Michigan

Tarehe 20 Julai 2017, Kapteni Brett DeVries wa kikosi cha anga cha jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa akifanya mazoezi ya shabaha kwa ndege aina ya A-10. Bunduki ya ndege ilipata hitilafu, na mlipuko wake ukang'oa kioo kinachofunika chumba cha rubani. Upepo mkali ukampiga kichwani, na hakuweza tena kukitegemea kiti cha kujirusha.

Mwenzake aliruka chini yake kukagua uharibifu na kumwelekeza. Walipojaribu kushusha miguu, gurudumu la mbele halikutoka. DeVries aliikunja iliyobaki na kutua kwa tumbo katika uwanja wa Alpena. Alitembea kutoka ndani ya ndege hiyo kwa miguu yake, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani kwa ujasiri huo.

Ushuhuda wake umewasaidia wengine kwa sababu ulieleza pia hofu, mpangilio wa mambo na yale ambayo mwenzake aliyaona kutoka chini, badala ya kuishia kwenye ushindi. Aidha ulithibitisha busara ya wabunifu wa A-10. Magurudumu ya nyuma ya ndege hiyo hayafichwi yote yanapokunjwa. Sehemu yake huachwa nje makusudi, ili siku kama hiyo ndege ipate pa kuegemea.

Je, kumbukumbu huaminika?

Mzee akikueleza kwamba ndege iliwahi kutua yenyewe bila rubani wala magurudumu, huenda ukatabasamu kwa adabu. Lakini ilitokea. Tarehe 2 Februari 1970, Luteni Gary Foust alijirusha kutoka ndege aina ya F-106 iliyokuwa ikizunguka na kuanguka bila kudhibitika juu ya jimbo la Montana. Baada ya yeye kutoka, ndege ilijinyoosha, ikashuka taratibu na kutua kwa tumbo katika shamba lililofunikwa na theluji, injini ikiendelea kunguruma hadi mafuta yakaisha. Ilitengenezwa, ikarudi kazini kwa miaka mingi, na leo imehifadhiwa katika makumbusho ya jeshi la anga la Marekani huko Dayton, Ohio.

Kisa hicho kinaaminika kwa sababu chuma kipo, picha zipo na maandishi yapo. Bila hivyo kingebaki hadithi ya mkahawani. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya mstaafu wa Dayton na mstaafu wa Kampala. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, lakini mmoja ana daftari la kumtetea, na mwingine ana neno lake tu.

Kumbukumbu nayo ina udhaifu wake. Miaka ikipita, mwendo huongezeka, mafuta hupungua, na hatari ya mwenzako huwa yako. Ndiyo maana wachunguzi hupenda kuzungumza na mashahidi mapema, kila mmoja peke yake, kisha kulinganisha maneno yao na madaftari ya matengenezo.

Uganda: uzi uliokatika mara nyingi

Jeshi la anga la Uganda lilianza katikati ya miaka ya 1960 kwa msaada wa Israel. Miongoni mwa ndege zake za mwanzo ilikuwa Fouga Magister, jeti ndogo ya mafunzo iliyobuniwa Ufaransa, yenye mkia wa umbo la V na miguu mifupi iliyoikalisha karibu na ardhi. Baadaye zikaja MiG-17 za Kisovieti, na baada ya Idi Amin kuwafukuza Waisraeli mwaka 1972, MiG-21.

Kwa rubani na fundi, badiliko hilo halikuwa la siasa peke yake. Vipimo vya Kisovieti husoma kilomita na mita, ilhali vya Magharibi husoma noti na futi. Vitabu vya matengenezo vilibadilika lugha, vipuri vilibadilika nyuzi, na aliyezoea kutua na ndege moja alipaswa kusahau nusu ya mazoea yake ili aimudu nyingine. Kila badiliko la namna hiyo ni mlango wa kuingilia makosa.

Kisha vikaja vipigo viwili. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israel waliokwenda kuwaokoa mateka Entebbe waliharibu ndege kadhaa za MiG zilizokuwa zimeegeshwa. Miaka mitatu baadaye, katika vita na Tanzania, Entebbe ilitekwa mwanzoni mwa Aprili 1979, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Jeshi la Amin lilisambaratika. Wengi walikimbilia Sudan na Zaire, wengine walifungwa.

Uganda ilijenga upya jeshi lake la anga baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilinunua MiG-21 zilizotumika kutoka Poland, na kuanzia mwaka 2011 ikapokea ndege sita za Su-30MK2 kutoka Urusi, katika ununuzi ulioripotiwa kugharimu dola milioni 740 pamoja na zana nyingine, na ambao ulizua mjadala mkali wa kisiasa.

Ndege mpya zinaweza kununuliwa. Uzoefu wa kutua na jeti nzito kwenye hewa nyepesi ya Entebbe, kando ya ziwa lenye unyevu na ndege wakubwa wa angani, haumo katika mkataba wa ununuzi. Uzoefu huo hurithishwa na mtu kwa mtu, na mrithishaji akitawanywa na vita, mwanafunzi huanza moja.

Namna ya kuhifadhi kilichobaki

Wale waliokuwa vijana wa miaka 20 mwaka 1970 sasa wamepita umri wa miaka 70. Mwenye mzazi, mjomba au jirani aliyehudumu katika jeshi la anga bado ana nafasi ya kusikiliza. Kiswahili, ambacho kwa miongo mingi kimekuwa lugha ya kambi za Uganda, hurahisisha kazi hiyo hata kwa asiyejua lugha ya nyumbani ya mzee.

Usianze kwa kuuliza nani alikosea. Uliza mambo yanayoweza kulinganishwa: Mzee, ilikuwa ndege ya aina gani? Ilikuwa asubuhi au alasiri, mvua au jua? Taa ngapi ziliwaka? Nani aliitazama kutoka chini, na alisema nini? Chupa ya hewa ilitumika? Baada ya ndege kuinuliwa kutoka njiani, mafundi walikuta nini? Mwulize fundi na mzima moto kama unavyomwuliza rubani, kwa kuwa wao ndio walioiona ndege ikiwa imefunguliwa.

Andika tarehe ya mazungumzo, tenga alichokiona na alichosimuliwa, na usimlazimishe kujaza mahali alipopasahau. Mambo ya siri ya jeshi yaache. Hayahitajiki ili kujua kwa nini komeo la mguu halikushika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kituo cha ndege za kivita, daftari hilo hujazwa na fundi anayetia sahihi kwamba mafuta hayana maji, na rubani anayekiri mbele ya wenzake kwamba leo nusura asahau miguu. Pale Lubiri, Mengo, mgeni hushuka ngazi na kuiona historia kwa macho yake. Ya Entebbe ingali kwa wazee, na wanaoweza kuisimulia wanapungua kila mwaka.